Herufi Mbili Zilizobaki

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza kuandika kwa sababu nyumba yetu imenyamaza. Tangu tumzike binti yetu, mimi na mama yake tunaongea maneno ya lazima tu: chumvi, funguo, mlango. Zamani mke wangu aliniita Baba Kifungo. Siku hizi ananiita "wewe", tena si kwa hasira. Nadhani jina lile halimpiti kooni.

Kifungo lilikuwa jina la utani. Binti yetu alipokuwa mchanga alilala na kifungo cha koti mkononi, na ukijaribu kumnyang'anya, mtaa mzima ulijua. Alipokua akawa mwimbaji wa bendi ya roki, akapanda nalo jukwaani. "Naitwa Kifungo," aliwaambia watu, "cha shati, si cha jela." Walicheka kila mara. Nami nilicheka, nikiwa nimesimama nyuma karibu na mlango, masikio nimeyaziba kwa pamba ile ya kujazia mabega ya makoti.

Mawingu yamekaa juu ya paa tangu mchana. Jioni mvua ya kwanza ya masika imeshona kidogo, ikaacha.

Jumatano, 5 Machi

Suruali tatu za kupunguza kiuno. Watu wanakonda. Mvua imeshona tangu alfajiri.

Jumapili, 9 Machi

Vijana wa bendi wamekuja. Bendi yao inaitwa Bati Tupu, kwa sababu walianzia mazoezi kwenye chumba kisicho na dari. Mrefu, mpiga gitaa, amegonga kichwa kwenye fremu ya mlango wetu kama kawaida yake. Kobe, mpiga ngoma, amefika wakati chai imeshapoa, kama kawaida yake pia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Kutoka jikoni mke wangu akasema, "Mwambieni Mrefu mlango huo haujahama." Tukacheka, kisha kila mmoja akatazama kikombe chake. Tangu msiba sijamsikia akitania.

Walikuja kwa jambo la albamu. Ni ya kwanza kwao. Nyimbo zote zilikwisha kurekodiwa binti yetu akiwa hai, isipokuwa wa mwisho. Huo alijirekodi mwenyewe kwa simu, hapa kwenye karakana yangu ya kushonea, wiki ileile ya mwisho. Wenzake hakuwahi kuwaimbia ana kwa ana; aliwatumia tu. Wao wameizungushia sauti yake magitaa na ngoma, na sasa wanataka baraka zetu waitoe albamu msimu wa mvua ukiisha. Wanataka pia niwashonee pazia la jukwaani: kitambaa cheusi, na juu yake jina la albamu kwa herufi kubwa nyeupe.

Mke wangu akaja akasimama mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni. "Mimi sauti ya mwanangu sitaisikia kwenye mashine. Fanyeni mnavyofanya, lakini si ndani ya nyumba hii."

"Sawa, mama," akasema Mrefu.

Nikauliza albamu inaitwaje. Kobe akatazama viatu vyake. "*Mvua Inachosha*, mzee. Ni maneno ya ule wimbo wa mwisho."

Nikasema nitashona. Walipoondoka nilikaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Inachosha. Mtoto aliyekuwa akitoka nje mbio kila mvua ikikolea, akarudi na matope hadi nyusi.

Alasiri mvua imenyesha.

Ijumaa, 14 Machi

Nimenunua kitambaa. Cheusi kizito, kisichopitisha mwanga. Herufi nimezichora kwa chaki ya bluu kwenye shuka nyeupe, kila moja ndefu kama mkono wangu. Leo nimekata M, V, U na A. Mvua imenyesha.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imenyesha.

Alhamisi, 20 Machi

Dada yangu amekuja. Ameweka mwavuli chini, hajaufunga, hajaketi.

"Kaka, umesikiliza redio?"

"Sisikilizi redio."

"Wameupiga wimbo wake ule wa mwisho. Mtangazaji anauita wimbo wa kuaga. Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu tu, kaka. Watu si wana midomo? Eti anaimba, nilaze chini, usiniamshe, mvua inachosha. Mtu mzima na akili zake haandiki maneno hayo bure. Halafu ukumbuke yule dereva wa lori alivyosema."

Nakumbuka. Nani asahau? Dereva alisema alimwona mbele yake katikati ya barabara, mvua ndiyo kwanza inaanza, gitaa mgongoni, amesimama. Hakukimbia wala hakurudi nyuma. "Alisimama tu," alisema, akiwa analia. Polisi wakaandika ajali, nasi tukakubali, kwa sababu neno hilo lilikuwa na mahali pa kukaa.

"Sasa unataka kusema nini?" nikamuuliza.

"Sisemi mimi. Mimi ni shangazi yake, nampenda. Nakwambia ili usije ukaambiwa na mbaya wako."

Mke wangu alikuwa jikoni. Nilimsikia akiosha sahani moja, akiisuuza, akiiosha tena.

Ijumaa, 21 Machi

Sikushona kitu.

Jumapili, 23 Machi

Tukiwa mezani mchana, mke wangu akaacha kula. Hakuniangalia.

"Alituchoka?"

Angesema "alichoka" ningepata la kujibu. Ningesema vijana huchoka, muziki unachosha, maisha ya kuzunguka na magitaa yanachosha. Lakini hakusema hivyo. Alisema alituchoka, sisi, yeye na mimi, meza hii, sahani hizi. Chakula kikaganda, kisha akainuka akakusanya vyombo.

Mvua imenyesha siku nzima.

Ijumaa, 28 Machi

Msichana mwenye sare ya shule ameleta sketi imefumuka pindo. Alipoinua mkono kunipa, nikaona ameandika kwa kalamu ya wino juu ya ngozi: *usiniamshe*.

"Hilo ni neno la nani, binti yangu?"

"La Kifungo. Si ni hapa alipokuwa akiishi?" Akachungulia nyuma yangu, kwenye mabaki ya vitambaa, kwenye pasi. "Mimi nyimbo zote za Bati Tupu nazijua, lakini huo wa mwisho ndio wangu. Hakuna mwingine aliyewahi kusema ukweli hivyo."

"Ukweli gani?"

"Kwamba mtu anaweza kuchoka tu. Bila sababu ya kuwaeleza wakubwa."

Nikamwuliza kama nyumbani wanajua amechoka. Akacheka kama ninavyocheka mimi mteja akiniambia anataka suti kesho. Nikamwambia sketi haijawa tayari ingawa ni kazi ya dakika chache. Nilitaka arudi.

Alipotoka niliogopa. Nilikuwa nadhani neno lile linatuchoma sisi wawili peke yetu.

Jumatano, 2 Aprili

Pazia limekwisha. MVUA INACHOSHA. Kila herufi nimeizungushia mshono wa zigizaga, mara mbili, isije ikabanduka jukwaani. Ni kazi safi. Natamani ningekuwa nimeiharibu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nitaandika yote ya leo, hata kama mkono utauma.

Nilipeleka pazia studio. Ni vyumba viwili juu ya duka la rangi, kuta zimebandikwa magodoro yaliyokatwakatwa. Nilikusudia kulikabidhi mlangoni na kugeuka, lakini mvua ikashuka kwa kishindo nikashindwa kutoka. Fundi sauti alikuwa ameketi mbele ya mashine zake, Kobe na Mrefu nyuma yake. Waliponiona wakazima kila kitu haraka, kama watoto waliokutwa na sukari.

"Endeleeni," nikasema. "Mimi nasubiri mvua."

Kobe akajikuna shingo. "Mzee, samahani. Kuna kitu labda wewe utatusaidia. Kwenye wimbo wa mwisho, chini ya sauti yake, kuna kelele. Inagonga, inaacha, inagonga. Tulikuwa hatuisikii kwa sababu ya magitaa. Fundi anataka kuifuta, ila hatujui ni nini. Mrefu anasema ni jenereta."

"Nilisema inafanana na jenereta," akasema Mrefu.

"Ulisema ni jenereta, tena uliapa."

Nikasema sitaki kumsikia binti yangu. Fundi sauti, mtu mpole, akasema atashusha sauti yake mpaka chini kabisa, nitasikia kelele tu. Akanivika vile vya masikioni.

Haikuwa jenereta. Ilikuwa cherehani yangu. Ningeijua hata kaburini, kwa sababu mkanda wake una kiraka, na kiraka kikipita kwenye gurudumu kinapiga kofi dogo. Nilikuwa nashona kola. Nilisikia ninavyokwenda moja kwa moja, ninavyosimama kwenye kona, ninavyogeuza kitambaa, ninavyoendelea. Nikaikumbuka siku yenyewe. Kifungo alikuwa ameingia chini ya meza yangu ya kukatia, mtu mzima, miguu imetokeza nje, gitaa kifuani, akasema chini ya meza ndiko sauti inakotulia. Nikamwambia asiniangushie mkasi. Basi, nikaendelea na kola yangu.

"Nipandishie sauti yake," nikasema.

"Una uhakika, mzee?"

"Pandisha kabla sijabadilisha mawazo."

Bila magitaa, bila ngoma, alikuwa karibu sana. Nilisikia akivuta pumzi. Akaimba, nusu kwa kukwaruza kama walivyozoea, na pale cherehani iliposimama kwenye kona ya kola, maneno yakapita wazi:

*Nilaze chini ya meza,*
*usiniamshe, mvua inashona.*

Nikavua vile vya masikioni. "Nani aliandika inachosha?"

Wakatazamana. "Mimi," akasema Kobe. "Niliandika kwa kusikia. Yeye hakutuachia maandishi. Kwa nini, mzee?"

"Hasemi inachosha. Anasema inashona. Na si nilaze chini tu. Nilaze chini ya meza."

"Inashona?" akasema Mrefu. "Mvua inashona nini?"

Hilo ndilo swali lenyewe aliloniuliza binti yangu, kama lilivyo. Nikawaeleza. Alipokuwa mdogo alilala mchana chini ya meza yangu, juu ya vipande vya vitambaa. Karakana haina dari. Siku moja mvua ikaanza juu ya bati na mimi nikiwa nimesimamisha cherehani. Akaamka akasikiliza. "Baba, juu nani anashona?" Nikamwambia ni mvua. "Mvua inashona nini?" Mama yake, aliyekuwa akianua nguo, akajibu, "Inashona matope." Tangu siku hiyo kwetu mvua hainyeshi, inashona. Anua nguo, inataka kushona. Chukua mwavuli, imeshona usiku kucha. Tumesema hivyo miaka yote hadi tukasahau kwamba watu wengine hawasemi.

Fundi sauti akaurudia mstari, wote wakasikiliza. Akaurudia tena.

"Ukikwaruza sauti vile," akasema taratibu, "kinachobaki ni i, a, o, a. Maneno yote mawili yanafanana kabisa. Ukishaambiwa anasema inachosha, utasikia inachosha mpaka kiama."

Kobe alikuwa amejifunika uso kwa fulana yake. "Nimemzushia rafiki yangu," akasema. "Nimemzushia, mzee, redio nzima."

"Ulisikia ulivyosikia, mwanangu. Neno la nyumbani kwa mtu ungelijulia wapi?"

Wimbo ulikuwa bado unakwenda kwenye mashine. Ulipoisha, gitaa likanyamaza, cherehani ikanyamaza, na ikaja sauti ya mwanamume, ya mbali kidogo, imechoka na kazi: "Kifungo, njoo ule, chakula kinapoa." Sikuitambua mara moja. Ilikuwa yangu.

Naye akajibu, karibu na masikio yetu: "Nakuja, baba."

Hapo ndipo palipokuwa mwisho. Fundi sauti akasema alikuwa amepanga kukikata kipande hicho.

"Majalada yameshachapishwa," akasema Mrefu. "Pazia nalo limeshonwa. Tutafanyaje?"

Nikalichukua pazia langu chini ya kwapa. "Nguo iliyoshonwa vibaya haichomwi," nikawaambia. "Inafumuliwa."

Jumapili, 6 Aprili

Nimerudi kusoma kurasa hizi. Mwanzoni niliandika mvua imeshona, bila hata kufikiri. Tangu siku niliyoambiwa jina la albamu nimeandika imenyesha. Sikujua kama nimebadilisha.

Nimemwambia mke wangu asubuhi, amesimama kwenye karo.

"Hakusema inachosha. Alisema inashona. Nimemsikia kwa masikio yangu. Nilaze chini ya meza, usiniamshe, mvua inashona."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akafunga bomba. Akakaa kwenye kigoda, mikono inachuruzika maji mapajani.

"Unajua," akasema, "yule mtoto mvua ikianza alikuwa anasimama. Popote. Hata ana sufuria ya moto mkononi. Mimi nilikuwa nampigia kelele, tembea wewe, utaungua! Yeye ametega sikio tu." Kisha akasema, "Dereva alisema ndiyo kwanza inaanza."

Sikuwa nimewahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Yeye nadhani aliyaweka palepale, akisema. Ukweli wa alichokuwa akikifanya barabarani hatutaupata kamwe. Tuna hicho tu, jinsi alivyokuwa.

Nilidhani tukilijua neno tutapumua. Haikuwa hivyo. Tumelia leo kuliko siku ya mazishi. Kumbe aliyechoka unaweza kumwambia nenda kapumzike. Huyu wetu hakuwa amechoka. Alikuwa anakuja kula.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua imeshona asubuhi. Nimeanza kufumua. Mshono wa zigizaga mara mbili, adhabu yangu mwenyewe. Mke wangu ameleta wembe wake, akakaa upande wa pili wa pazia. Alipokata uzi kwa meno nikamwambia ataharibu meno, naye akasema, "Yameharibika siku nyingi."

Jumatano, 9 Aprili

Kazi ni ndogo kuliko nilivyoogopa. I, N, A zimebaki. C imetoka, na S iliyokuwa nyuma imehama kuja mbele kuchukua nafasi yake. H na O zimebaki. Mwishoni N mpya, hiyo tu ndiyo niliyoikata upya, halafu A ileile. Zimebaki herufi mbili bila kazi, C na H. Kwenye kitambaa cheusi matundu ya sindano ya mwanzo yanaonekana ukikaribia. Hayatatoka. Kitambaa kizito hakisahau.

Ijumaa, 18 Aprili

Msichana wa sketi amerudi. Nimemwambia neno lenyewe na lilikotoka. Nikadhani nimemvunja moyo.

"Meza ipi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akainama, akachungulia chini yake kwa muda. Mke wangu alikuwa ameingia kuchukua pasi, akamwona. "Ingia basi," akamwambia. "Pana vumbi, lakini pana nafasi." Akaingia na sare yake. Mvua haikuwepo, kwa hiyo nikaendesha cherehani bila kitambaa. Baada ya hapo mke wangu akampa chakula na kumuuliza nyumbani kwao ni wapi, akamsindikiza mpaka kwa mama yake.

Jumapili, 27 Aprili

Dada yangu amekuja kuomba radhi. Ameufunga mwavuli, ameketi.

Jumamosi, 10 Mei

Leo albamu imetolewa. Ukumbi wa zamani, bati juu, viti vya kukodi. Kwenye majalada Kobe amebandika vipande vya karatasi, kimoja kimoja kwa mkono, *Inashona* juu ya *Inachosha*, vingine vimekwenda upande. Vijana wengi wamevaa nyeusi. Wengine wamekuja na wazazi wao, waliokaa wima kama wako kwa daktari.

Mke wangu alikuwa amesema haji. Nilipokuwa nafunga mlango nikamkuta amesimama nje, amevaa viatu.

Bendi wamepiga nyimbo zote bila mwimbaji, watu wakaimba wenyewe. Wimbo wa mwisho hawakuupiga. Wameshuka jukwaani, wakazima taa, wakaiacha sauti yake peke yake na cherehani. Nilimshika mke wangu mkono nikitarajia atatoka. Alibaki. Binti yetu akaimba chini ya meza. Hakuna aliyeimba naye.

Kisha nikasikika nikimwita aje ale, chakula kinapoa.

"Nakuja, baba."

Gizani, pembeni yangu, mama yake akajibu, si kwa kunong'ona, kwa sauti yake ya kawaida ya jikoni:

"Haya."

Jumamosi, 24 Mei

Jua. Mvua haijashona wiki nzima. Nadhani msimu umekwisha. Herufi mbili zile nimezikunja, nimeziweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukitikisika. Sasa imetulia.

Asubuhi mke wangu aliingia karakanani. "Baba Kifungo," akaita, kisha akashtuka. Tukatazamana, wote wawili tukisikiliza, labda kuna mwingine ataitika.

Alitaka uzi mweusi tu. Nikampa.